Nyundo za Piano ya Mama Feza

Vijana wangu, mkinikuta siku hizi nimeshika bisibisi, ninyang'anyeni. Nimestaafu kweli, si utani. Fundi aliyestaafu akiachiwa bisibisi atafungua hata redio ya jirani isiyo na ubaya wowote, kwa sababu tu anataka kuona imefungwaje ndani. Mke wangu ameficha vifaa vyangu kwenye pipa la unga wa muhogo na anadhani sijui. Ninajua, ila ninamwachia furaha yake. Njooni mniulize chochote mnachotaka, lakini simameni upande wangu wa kulia, na msinong'one.

Ninyi mnaotengeneza simu pale Kasenga mmesikia kwamba mimi, Papa Kashindi, nilikuwa fundi wa piano, mkacheka. Mji wetu una piano ngapi? Basi niwaambie, niliyoijua mimi ilikuwa moja tu, na hiyo moja ilinisumbua kuliko redio zote nilizowahi kufungua. Nimetengeneza ampli za makanisa, magitaa ya umeme, vipaza sauti vya wahubiri wasiojua kusema polepole. Lakini nikikaa kibarazani nikatazama ziwa, ninaloliwaza ni piano ya umeme ya kwaya yetu.

Msiifikirie kama hivi vinanda vya plastiki mnavyobeba kwapani. Hii ni ya zamani, imetengenezwa kabla mashine hazijajifunza kuiga sauti za mashine nyingine. Ukibonyeza kibao, nyundo ndogo inaruka ndani na kugonga fimbo nyembamba ya chuma. Mbele ya kila fimbo pana sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Fimbo ikitetemeka, sumaku inaisikia, umeme mdogo sana unazaliwa na kusafiri kwenye waya hadi kwenye ampli, mashine ya kukuza sauti. Mimi nilikuwa nikiziita sumaku hizo masikio. Vibao sabini na vitatu, nyundo sabini na tatu, masikio sabini na matatu, na kila kimoja kina tabia yake ya asubuhi na ya jioni.

Padri mmoja mzee aliyekuwa akirudi kwao aliiachia kwaya. Ilipanda kutoka bandarini Kalundu kwenye mkokoteni, wanaume wanane wakisukuma, na mmoja wao mpaka leo akiona piano hata kwenye televisheni anashika kiuno.

Kabla sijafika mbali niwataje watu wangu watatu. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Lubunga, Mungu amrehemu, fundi wa redio za meli pale pale Kalundu. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mzito. Alikuwa na desturi moja iliyoniudhi sana nilipokuwa kijana. Mtu akileta kitu kibovu, Mzee Lubunga hakukifungua. Alimpa mwenyewe kiti, akamwambia akitumie kama anavyokitumia kila siku, hata kama hakitoi sauti. Kisha alikaa akimtazama mtu, si kitu. Nahodha mmoja alizungusha vifungo vya redio iliyokufa kwa muda mrefu, jasho likimtoka, huku mimi nikiuma midomo nisicheke.

"Weye unacheka nini?" Mzee aliniuliza nahodha alipoondoka. "Umeona mukono yake? Anazungusha na nguvu sababu kidole yake moja haina nguvu. Redio haina shida. Kifungo ndiyo iko kigumu."

Alikilainisha kifungo, na redio ikawa nzima. Mngedhani nilijifunza siku ile. Nilijifunza miaka mingi baadaye, na nitawaambia kwa aibu ilivyokuwa.

Mtu wangu wa pili ni Mama Feza. Huyu ndiye aliyeipiga piano ile tangu ilipofika. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na ni mkubwa wangu, kwa hiyo namwita Yaya, dada mkubwa, hadi leo. Akikaa kwenye piano mgongo wake unanyooka kama anasubiri wanafunzi wanyamaze. Na kweli wananyamaza.

Tatizo la piano ile lilikuwa sauti. Kwaya ya watu arobaini ikifungua kinywa, ngoma mbili zikiingia, piano ilibaki ikinong'ona peke yake. Ile sauti inayotoka kwenye masikio ya sumaku ni dhaifu mno, na ikipita kwenye waya mrefu hadi kwenye ampli inafika imechoka, ule mlio wake wa juu unaong'aa umebaki njiani. Dawa yake ni preampli, kisanduku kidogo kinachoiinua sauti kabla haijaanza safari. Shikeni neno hilo, kabla. Mafundi wengi wanakiweka mwisho wa waya karibu na ampli, halafu wanashangaa. Hapo unakuza sauti pamoja na uchovu wake. Kiweke ndani ya piano yenyewe, waya wa kuingilia uwe mfupi kama kidole.

Mimi nilikiweka ndani, nikajisifu, nikasahau kukifunika. Jumapili ya kwanza, wakati wa matoleo, watu wakipanda mbele na vikapu vyao, Mama Feza aliinua mikono kupumzika kidogo, na piano ikaanza kuongea. Ikaongea Kirundi. Sauti nzuri ya mwanaume, yenye heshima zote, ikatangaza kwamba ng'ombe amepotea na aliyemwona atoe habari. Waya zangu zilikuwa zimenasa redio ya ng'ambo ya pili ya ziwa. Kanisa zima liligeuka. Palikuwa na mkulima mmoja wa Nyakabere aliyekuja kumtembelea dada yake, akasimama katikati ya watu akainua mkono.

"Banakwaya, muache kuimba kiloko," akasema, akiomba kimya kidogo. "Nisikie ile ng'ombe iko rangi gani."

Nilikimbia kuzima. Jumatatu nikakifungia kisanduku ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikalehemu kopo kwenye waya wa ardhi, nikaongeza kapasita ndogo kwenye mlango wa kuingilia ili mawimbi ya redio yaishie hapo. Na waya zote za ardhi nikazikutanisha sehemu moja, kama alivyonifundisha Mzee Lubunga, si kila moja kujitafutia kwao. Tangu hapo piano haikutangaza tena, ingawa yule mkulima kila akija Kasenga ananiuliza kama ng'ombe alipatikana.

Umeme wa mji nao mnaujua. Ukija, unakuja na mngurumo wake, na mashine ya petroli ndiyo mbaya zaidi. Piano yenye preampli inataka umeme mtulivu, na umeme mtulivu ni wa betri. Sasa betri nzuri katika mji huu wanazo akina nani? Wavuvi wa ndagala, hawa dagaa wetu. Taa zao za usiku zinawashwa kwa betri kubwa, wanazichaji mchana. Mwezi ukiwa mkubwa, samaki hawajali taa, wavuvi wanapumzika, na betri zinakaa zimejaa nyumbani. Kwa hiyo piano yetu ilifuata mwezi. Jumapili za mwezi mkubwa ilipiga, Jumapili za giza ilifunikwa kitambaa, tukaimba na ngoma. Waliotaka kufunga ndoa na muziki wa piano walitazama juu kwanza, kisha ndipo wakaenda kwa padri.

Betri hizo zilikuwa za Byamungu, mtu wangu wa tatu. Byamungu ni mkubwa wa kundi la wavuvi, kifua kama pipa, sauti ya besi inayotikisa vioo vya madirisha. Kwenye kwaya alisimama karibu kabisa na piano, juu ya lile jukwaa la mbao, na alikuwa na tabia moja iliyonitia wazimu. Alikanyaga. Kabla ya kila wimbo, paa! Katikati, paa paa! Mshindo ulipanda kwenye miguu ya piano, ukaingia kwenye masikio ya sumaku, preampli yangu nzuri ikaukuza, na bafle, zile spika zetu, zikatoa mlio kama wa gunia la muhogo lililodondoka.

"Byamungu," nilimwambia mara nyingi, "imba kwa kinywa. Mguu uache nyumbani."

"Ndiyo, Papa Kashindi," alinijibu kila mara kwa heshima, na Jumapili iliyofuata akakanyaga vilevile.

Korusi, ile inayoifanya sauti moja iwe kama mbili, niliiongeza baadaye. Ninyi mkiitaka mnabonyeza kitufe kwenye simu. Mimi niliitoa kwenye mashine ya mwangwi ya mhubiri mmoja, iliyokufa kwa kupigiwa kelele. Ndani yake pana kidude kidogo ambacho sauti hupitishwa kutoka ndoo hadi ndoo, kama watu wanaopokezana maji kuzima moto, kwa hiyo inatoka upande wa pili imechelewa kidogo. Ukiichanganya sauti iliyochelewa na ile isiyochelewa, na ukaufanya ule ucheleweshaji uongezeke na kupungua polepole, piano moja inasikika kama piano mbili zinazopendana. Neno ni polepole. Mara ya kwanza niliiacha iende haraka, na mama mmoja wa safu ya soprano akaomba akae chini kwa sababu kichwa kilikuwa kikimzunguka kama yuko kwenye mtumbwi siku ya upepo. Anzeni na mzunguko mmoja kwa pumzi moja ya mtu aliyelala. Hapo hamtakosea sana.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Rais wa kwaya, ambaye wote tulimwita Président hata sokoni, alileta kinanda kipya kutoka Bujumbura. Chepesi, kina sauti za kila namna, hata ya mbwa. Hakuwa mtu mbaya, msimchukie. Alikuwa amechoka kutazama mwezi. Siku hiyo alitusimamisha baada ya mazoezi, mimi na Mama Feza.

"Siku ya jubile ya kwaya," alisema, "minye nitasimama nyuma kabisa, ku mulango. Wimbo ya shukrani itapigwa na piano ya zamani. Nikiisikia vizuri kule, itabakia. Nisipoisikia, tutaitoa, tuuzishe ile shaba na vile vyuma, na Mama Feza atapiga ile mupya."

Mama Feza alikuwa akimtazama Président mdomoni, kama alivyokuwa akimtazama kila mtu, na mimi nikadhani ni ule ukali wake wa ualimu.

Nikaingia kazini kwa hasira ya fundi aliyechokozwa. Preampli niliipandisha. Ikafika nyuma, lakini nayo ikaleta jambo jingine: kelele za nyundo. Kila kibao kilipobonyezwa, kabla ya sauti tamu, ulisikika ule mlio mkavu wa kugonga, tok, tok, tok. Niliona ni uchafu. Nikachukua mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikakata vipande vidogo sabini na vitatu, nikavibandika kimoja kimoja pale nyundo zinapotua. Siku tatu nilikuwa nimeinama. Nilipomaliza, piano ilikuwa kimya kama paka, ni muziki mtupu unaotoka. Nilimwita mke wangu aje asikie. Akasema ni nzuri, akaniuliza kama nimekula.

Jumapili iliyofuata Mama Feza alikaa, akanyoosha mgongo, Byamungu akakanyaga, na wimbo ukaanza. Mstari wa kwanza ukaenda. Wa pili, Mama Feza alikuwa nyuma ya kwaya. Wa tatu alikuwa mbele. Aliangalia vidole vyake kana kwamba si vyake. Akabonyeza kwa nguvu, akabonyeza kwa nguvu zaidi, kisha akaitoa mikono akaiweka mapajani. Kwaya ikamaliza na ngoma. Hakumtazama mtu. Alichukua mkoba wake akatoka kwa mlango wa pembeni, na Président akaniangalia kwa macho ya mtu ambaye tayari ameuza shaba.

Mimi, mjinga mkubwa, nilimwambia mke wangu kwamba Yaya sasa amezeeka.

Kesho yake mchana nilikwenda kwake. Alikuwa amekaa uani, ananipa mgongo, anachambua maharagi. Nilibisha hodi. Nikabisha tena. Nikamwita kwa jina. Nilidhani ameninunia, na nilikuwa nimestahili. Nikasogea, nikakanyaga bati lililolala chini, likatikisika hadi kwenye mguu wa kigoda chake, naye akageuka papo hapo.

"Ah, ni weye," akasema. "Ukae."

Nikakaa. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikaanza kuchambua maharagi naye.

"Mudogo yangu," akasema, "ulitia nini mu piano?"

Nikamweleza habari ya mpira, naye akinitazama mdomoni, nikijisifu kidogo hata pale, kwamba sasa nyundo hazigongi tena.

Aliacha maharagi. "Ile kugonga ndiyo nasikiaka," akasema. "Masikio yangu ilikufaka zamani, Kashindi. Ilianza kiloko kiloko, na sasa iko kimya kabisa. Ile nyundo ikigonga, inanirudilia mu vidole. Minye nasikiaka na vidole. Na weye umeifunga."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Miaka yote hiyo nilikuwa nimefungua tumbo la piano ile, nimehesabu nyundo zake, nimepima waya zake, na siku hata moja sikukaa nikamtazama aliyekuwa akiipiga. Mzee Lubunga angenivua aproni.

"Na kinanda kipya?" nikamuuliza, nikikumbuka sasa kumgeukia na kusema polepole.

"Nilijaribu. Iko sawa kubonyeza mukate." Akanishika mkono. "Usiambie mutu. Bakijua, batanikalisha nyumbani na batanihurumia. Minye sitaki huruma. Nataka piano."

Niliapa. Nikarudi na kisu, nikatoa vile vipande sabini na vitatu, na niwaambie, kutoa mpira uliobandikwa vizuri ni kazi kuliko kuubandika. Kila kipande nilichotoa nilijitukana mara moja.

Lakini nilipomaliza sikutaka kuishia hapo. Kama anasikia kwa vidole, kwa nini asisikie kwa mwili mzima? Nilichukua bafle kubwa ya mlango wa gari, nikaikaza kwa skrubu chini ya benchi lake la mbao, uso ukitazama juu. Nikatoa waya wa pili kutoka kwenye preampli, nikaupitisha kwenye ampli ndogo ya redio ya gari, hadi kwenye benchi. Nikakata ile milio ya juu, kwa sababu haitikisi mbao, nikaacha ya chini na ya kati. Benchi lenyewe nililipata refu, la watu wawili, ndilo pekee lililokuwa na ubao mzito wa kutosha.

Alipolikalia mara ya kwanza tulikuwa wawili tu kanisani. Akabonyeza kibao kimoja cha chini. Akabonyeza viwili. Kisha nikawasha korusi, ile ya polepole, na sauti ikaanza kupanda na kushuka chini yake kwa upole. Mama Feza, yule mwalimu mkali, alifunga macho akacheka kama msichana.

"Iko napumua," akasema. "Kashindi, iko napumua!"

Nami nililia, sifichi. Nilisingizia moshi wa kulehemu.

Basi, jubile ikakaribia, na mimi nikatazama juu. Mwezi hakuna. Siku ile iliangukia giza lenyewe, wiki ambayo kila taa iko ziwani. Nilikwenda kwa Byamungu, nikamkuta anashona wavu. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, nimebeba hata sukari.

"Batri mbili zitabakia," akasema kabla sijafungua kinywa. "Ile usiku tutaenda na taa kiloko. Samaki batatusamehe."

"Hujaniuliza ni za nini."

"Ni za Mama Feza," akasema, akaendelea kushona.

Siku ya jubile kanisa lilijaa hadi nje. Watu walishuka hata kutoka Lemera, wakiwa na viatu mkononi. Président alivaa suti, akaenda akasimama mlangoni, mikono nyuma. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya piano na kopo langu la maziwa. Nilikuwa nimepima kila kitu mara tatu. Nilisahau kitu kimoja tu. Mhubiri alikuwa mgeni, mwenye mengi moyoni, na mahubiri yake yalikuwa marefu kama njia ya kwenda Lemera kwa miguu. Nami nikawa nimenogewa, sikuzima chochote. Ampli kubwa, preampli, korusi, benchi, vyote vilikaa vinakunywa betri huku mgeni akihubiri.

Wimbo wa shukrani ukafika. Byamungu akakanyaga, paa! Mama Feza akaingia, na sauti ikajaa kanisa, inang'aa, inapumua. Nilimwona Président kule mlangoni akitikisa kichwa kukubali. Ubeti wa kwanza ukaisha. Katikati ya wa pili, taa nyekundu ya ampli ikafifia, ikapepesa, ikazima. Bafle zikafa. Benchi likafa.

Nilimwangalia Mama Feza. Nilimwona ameshtuka, kwa maana ubao chini yake ulikuwa umenyamaza. Vidole vyake vilipunguza mwendo. Nikasema moyoni, Yaya, hapa ndipo nilipokuua.

Ndipo Byamungu akakanyaga. Mara mbili, polepole, paa, paa.

Mgongo wa Mama Feza ukanyooka. Vidole vikaendelea, bila haraka. Na katika kanisa lile lote nikaanza kusikia kitu nilichokuwa nimejaribu kukiua kwa mpira wa baiskeli. Tok, tok, tok. Nyundo kavu, na nyuma ya kila nyundo fimbo ya chuma ikilia peke yake, nyembamba, bila umeme wowote. Byamungu alishusha sauti. Safu ya besi ikashusha naye. Soprano wakashusha, ngoma zikaachwa, hadi watu arobaini wakawa wanaimba kwa sauti ya mama anayebembeleza mtoto, wakifuata nyundo zile. Waliokaa wakaacha kukohoa. Hata watoto walinyamaza, na mnajua watoto wetu.

Président aliondoka mlangoni. Alitembea hatua moja, akasimama, akasikiliza. Hatua nyingine. Alikuja hivyo katikati ya kanisa, mpaka wimbo ulipoisha akawa amesimama karibu na piano, mkono wake juu ya mbao.

Mama Feza akageuka kwangu. "Fundi, sauti imefika nyuma?"

Nilimtazama Président. Président akainama mbele ya uso wa Mama Feza ili Mama auone vizuri mdomo wake, akasema kwa upole, "Imefika, Mama. Imenitoa kule nyuma, imenileta hapa."

Piano ikabaki. Kinanda kipya wakapewa watoto wa mafundisho ya dini, na ile sauti ya mbwa ndiyo wanayoipenda kuliko zote.

Nje, watu wakila, nilimvuta Byamungu pembeni. "Ule mguu wako," nikasema.

"Moja ni kuanza," akasema. "Mbili ni kusema iko muzuri, endelea. Tulianzaka zamani sana, kabla ya weye kutia ile kopo."

"Kwa hiyo unajua?"

"Batu bote ba kwaya banajua, Papa Kashindi. Na Président. Alileta ile kinanda sababu aliogopa piano itamuaibisha Mama siku moja mbele ya batu. Hakujua habari ya vidole." Akanipiga begani kwa ule mkono wake wa kuvuta nyavu. "Mama anafikiri ni siri. Tunamuachilia iwe siri. Weye peke yako ndiyo ulikuwa husikii."

Nilirudi kwenye wali wangu.

Basi, ninyi wenye vyuma vya kulehemu, wekeni preampli karibu, ifunikeni kwa kopo, korusi iende polepole, na mahubiri yakianza zimeni kila kitu. Na kabla ya kufungua kifuniko, mpeni mwenyewe kiti. Mtazameni. Nami nilichelewa, lakini tangu jubile ile sikufungua kitu cha mtu bila kufanya hivyo, hadi nilipoacha kazi.

Niliacha kwa sababu masikio yangu nayo yameanza kuondoka. La kushoto lilitangulia, la kulia linafungasha. Sijasikitika sana, kwa maana Jumapili za mwezi mkubwa nina mahali pangu. Mama Feza akiniona naingia, anasogea kidogo kwenye lile benchi refu, bila kugeuka, nami ninakaa kando yake. Ubao unapumua chini yetu. Wimbo ukiisha ananiuliza kama sauti imefika nyuma, namwambia Yaya, mimi nitajuaje? Tunageuka wote wawili kumtazama Byamungu, naye anakanyaga mara mbili.